Kwa nini kupe hapasuki kwa damu anayokunywa?

Mfunue ng'ombe sikio uangalie ndani. Yule kupe jike wa kijivu, mnene kama kunde, alipopanda alikuwa bapa tena mwembamba. Akikaa hapo karibu wiki, uzito wake huweza kuongezeka hata mara 100. Damu yote hiyo anaiweka wapi?

Kwanza, hanywi kwa haraka. Hukata ngozi, akaingiza mdomo wenye miiba iliyoelekea nyuma, kisha hutoa mate yanayoganda na kumshikiza. Ndiyo maana ukimng'oa kwa pupa mdomo hubaki ndani. Chini ya ngozi vishipa vidogo hupasuka na damu hujikusanya kidimbwi, naye hunywa, hutema mate, hunywa tena. Mate hayo huzuia damu isigande na hupunguza muwasho, kwa hiyo ng'ombe hana habari.

Siku za mwanzo hunywa kidogo tu, huku ngozi yake ikikua ili iweze kutanuka. Sehemu kubwa ya damu huinywa siku ya mwisho.

Halafu kuna ujanja wa maji. Damu nyingi ni maji, na kupe hayahitaji yote. Tezi za mate huchuja maji na chumvi ya ziada, naye huyatema humo humo kwenye kidonda. Yaani ng'ombe anarudishiwa maji, kupe anabaki na chakula.

Tumboni, mbu husaga damu kwa vimeng'enya ndani ya utumbo wenyewe. Kupe sivyo: seli za ukuta wa utumbo humeza damu kidogo kidogo na kuisaga ndani yao. Iliyobaki ni akiba, na kupe huweza kukaa miezi bila kula. Hemi, ile sehemu yenye madini ya chuma katika himoglobini (protini nyekundu ya damu), ni sumu ikizidi, hivyo nyingi hufungiwa kwenye vifuko ndani ya seli. Kidogo hupelekwa kwenye mayai, maana kupe hawezi kujitengenezea hemi. Jike akishiba hudondoka, hutaga maelfu ya mayai, hufa.

Kule kutema mate kwenye kidonda ndiko kunakomtia mfugaji hasara. Vijidudu vya ndigana kali (ugonjwa wa ng'ombe), viitwavyo Theileria parva, hukaa kwenye tezi za mate za kupe wa masikio, lakini havikomai mpaka kupe awe amenyonya kwa siku tatu au nne hivi. Ng'ombe anayeogeshwa kwenye josho kwa ratiba, kupe wake wengi hufa kabla ya siku hizo kutimia.