Mshipa mkubwa kuzibuka haitoshi, rudieni ECG (kipimo cha umeme wa moyo)

Jamani hii kauli ya "mshipa ushazibuka, kapona" imenichosha. Juzi tena tumepokea rufaa ya STEMI, shambulio la moyo la mshipa ulioziba, kutoka wilayani, kapewa streptokinase ya kuyeyusha damu iliyoganda, fomu imeandikwa "maumivu yameisha, anaendelea vizuri", na ECG ni moja tu, ile ya kabla ya dawa. Maumivu yameisha wakati mofini, dawa kali ya maumivu, imo kwenye chati, sasa hapo tunajua nini?

Mshipa mkubwa kufunguka ni jambo moja, damu kufika kwenye msuli wa moyo ni jambo lingine. Nendeni mkaone mashamba ya mpunga Mbarali, lango la mfereji mkuu liko wazi ila majaruba ya mwisho makavu, vimifereji vimejaa tope. Huku tope ni vipande vya damu iliyoganda, chembe nyeupe, na seli zilizovimba mpaka zinabana vishipa. Mtafiti Kloner na wenzake walishalionyesha kwa mbwa mwaka 1974: mshipa uliobanwa ukaachiwa baada ya dakika 90, kuna sehemu za msuli damu haikurudi.

ECG ya kwanza inatoa tahadhari. Mawimbi ya Q yakiwa yameshachimba, au wimbi la S limepotea kwenye lidi za V2 na V3 (michoro ya vibandiko vya kifuani), huyo naanza kumhofia mapema.

Ila kinachoniudhi hasa ni kulinganisha. ECG ya pili piga dakika 60 hadi 90 baada ya dawa, angalia lidi ileile ambayo ST, kipande cha mstari kinachopanda mshipa ukiziba, ilipanda zaidi. V3 ilikuwa milimita 5, sasa 4, mtu anaandika "ST imeshuka". Imeshuka moja kati ya tano! Tunataka angalau nusu, ikifika asilimia 70 ndio roho yangu inatulia. Na hiyo 4 yenyewe naiamini kama vibandiko vimekaa palepale, ukisogeza kidogo tu wimbi linabadilika, kwa hiyo weka alama ya kalamu kifuani. Halafu baridi ya Julai ya Makete au Uyole, mgonjwa kavuliwa sweta anatetemeka, mstari wote unacheza, unapima nini? Mfunike blanketi kwanza.

Karatasi haijui yote. ST ikigoma kushuka, huenda mshipa mkubwa wenyewe bado umeziba, bila anjio, picha ya mishipa ya moyo, hutofautishi. Na wapo ambao ST imeshuka vizuri halafu MRI ya moyo ikakuta vishipa vidogo vimeziba, hili linanisumbua na sina jibu zuri.

Lakini isiposhuka nusu usingoje raundi ya asubuhi, piga simu saa hiyohiyo, Dar kwenye anjio ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kutoka huku Mbeya, na tuma ECG zote mbili zikiwa zimeandikwa saa.