Uniti ya Mwezi Gani, ya Saa Ngapi?

Kila ninapoombwa kulinganisha vyanzo vya umeme kwa ajili ya sera, swali la kwanza huwa bei ya uniti moja, nami hujibu kwa kuuliza: uniti ya mwezi gani, na ya saa ngapi? Kwetu Dodoma mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili; kuanzia Mei anga huwa jeupe na upepo huvuma kwa miezi kadhaa, na hicho ndicho kipindi ambacho kina cha bwawa la Mtera hushuka. Jua na maji, kwa hiyo, hupokezana zamu.

Mtera yenyewe hudharauliwa kwa sababu mitambo yake ni ya megawati 80 tu. Anayevuka ukuta wake akielekea Iringa huona wavuvi na ziwa pana, lakini haoni kwamba maji yaleyale yakishazungusha mitambo hapo huteremka na Ruaha Mkuu hadi Kidatu, kwenye megawati 204, kisha huingia Rufiji juu ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa na jumla ya megawati 2,115. Mita moja ya ujazo iliyotunzwa Mtera inaweza kuzalisha umeme mara tatu. Ubaya wake ni kwamba ukame wa Usangu, bonde linalolisha Ruaha Mkuu, nao hugonga ngazi zote tatu, ingawa Rufiji hupata sehemu kubwa zaidi ya maji yake kutoka mto Kilombero. Kina cha Mtera kikishuka chini ya mita 690 kutoka usawa wa bahari, mitambo yake haipaswi kuendeshwa; Oktoba 2015 ukame uliilazimisha nchi kuzima mitambo ya maji na kuegemea gesi.

Gesi asilia naiheshimu kwa kazi hiyo ya akiba, japo si safi. Kuhusu upepo wa Singida, tumeuzungumzia miaka mingi kuliko tulivyoufanyia kazi.

Kituo cha sola cha megawati 50, uzalishaji wake ukigawanywa kwa saa 24, hutoa wastani wa megawati 10 hivi. Tena vumbi nalo hula sehemu yake: Agosti nilipitisha kidole juu ya paneli iliyo kwenye paa langu, kikatoka chekundu kama kilichochovywa kwenye udongo wa kufyatulia matofali. Matumizi nayo hupanda saa moja usiku, jua likiwa limekwisha kuzama. Hata hivyo, hatulazimiki kununua betri kubwa kwanza, kwani mchana sola ikibeba mzigo, maji hubaki bwawani yakisubiri jioni.

Ndiyo maana katika zabuni za sola ningetaka mwekezaji atuonyeshe kwanza uniti atakazozalisha mchana wa Oktoba, ndipo atutajie jumla ya mwaka.