Mashine haijui nani amwamkie nani

Kazi yangu hapa Bagamoyo ni kuandika mazungumzo ya wahusika wa gemu, na kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikiitumia akili mnemba katika gemu tunayoitengeneza kuhusu mafundi wa majahazi. Sioni haya kulisema hilo, ila nimejifunza mahali pa kuisimamisha.

Katika soko la samaki la gemu yetu wamo wahusika wasio na majina, ambao wajibu wao ni kupaza sauti mchezaji anapopita: huyu ananadi kibua, yule analalamikia upepo wa kusi. Maneno hayo huhitajika kwa mamia, kwa kuwa mchezaji akisikia sentensi ileile mara tatu, soko lote humfia masikioni. Machi 2023 kampuni ya gemu ya Ubisoft ilitangaza chombo chake kiitwacho Ghostwriter kwa kazi ya namna hiyo: mashine hutoa rasimu, mwandishi huchagua na kurekebisha. Nami nafanya vivyo hivyo, na mengi nayafuta.

Taabu huanza pale wahusika wanapojuana. Katika onyesho moja, kijana mwanagenzi anafika alfajiri kwa fundi mzee aliyemlea. Mashine iliniandikia: "Habari yako, rafiki yangu. Je, naweza kukusaidia kuziba nyufa za mashua?" Sarufi haina kosa. Lakini kijana wa pwani aliyelelewa hamwiti mzee wake rafiki, tena kabla ya shikamoo, na fundi hasemi kuziba nyufa ilhali neno kukalafati, yaani kuziba nyufa za chombo kwa pamba, lipo. Nikaandika upya:

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, baba. Pamba umekuja nayo?"

"Nimekuja nayo."

"Haya, tukalafati kabla maji hayajajaa."

Humo mna mapenzi, mna amri, mna haraka ya maji, na hakuna aliyeeleza lolote.

Hata hivyo, itakuwaje ikiwa mchezaji alikwisha kumletea fundi pamba jana yake? Gemu hukumbuka mambo kwa alama za ndiyo au hapana. Alama 3 huzaa hali 8, na alama 10 huzaa hali 1,024. Mashine isiyojulishwa hali hizo huandika sentensi tamu ambayo kwa mchezaji yule ni uongo. Kwa hiyo kila mstari nautangulizia maelezo: nani anasema, anamwambia nani, na lipi limekwisha kutendeka kati yao. Mara nyingi, nikimaliza kuyaandaa maelezo hayo, sentensi yenyewe nimekwisha kuipata.

Tangu Januari 2024, Steam, duka la gemu la mtandaoni, linamtaka mtengenezaji aeleze matumizi ya akili mnemba, akitenganisha yaliyoandaliwa kabla na yanayozalishwa papo hapo mchezo ukiendelea. Tutakapoipeleka gemu yetu huko, tutaandika wazi kwamba makelele ya sokoni yalianzia kwenye mashine. Ya babu na mwanagenzi nimeyaandika mwenyewe, baada ya asubuhi nyingi za kukaa ufukweni nikiwasikiliza mafundi wakiitana kati ya pigo moja la nyundo na jingine.