Kabla ya kuua mchakato, soma hali yake

Wasimamizi wengi wa seva hapa Dar es Salaam hunipigia simu wakiwa wameshaandika kill -9, amri ya kuua mchakato (programu inayoendeshwa) kwa nguvu, wanangoja ruhusa tu ya kubonyeza. Mfumo umeganda, top, amri inayoonyesha michakato na mzigo (wastani wa michakato inayoendeshwa au inayosubiri), inaonyesha mzigo wa 30 kwenye mashine yenye prosesa nne, na wanataka kujua waue mchakato upi. Huwaomba kwanza wasome safu ya STAT, yaani hali ya mchakato, katika ps, amri inayoorodhesha michakato.

Mzigo wa Linux hauhesabu tu michakato inayotumia prosesa au inayongoja zamu yake. Unahesabu pia ile iliyolala usingizi usiokatizika, inayoandikwa D, ambayo aghalabu inasubiri diski. Ndiyo maana mzigo unaweza kupanda huku prosesa zikiwa hazina kazi, na kinachoongezeka ni ile asilimia ya "wa" (muda wa prosesa kungoja diski) pale juu ya top. Mchakato wa D hausikii hata ishara ya 9 mpaka kile unachokisubiri kirudi, ingawa tangu kerneli (kiini cha Linux) 2.6.25 ya mwaka 2008 baadhi ya subira, zikiwemo za NFS (mafaili yanayosomwa kupitia mtandao), hukubali kukatizwa na ishara ya kuua. Umeme unapokatika na diski ikaanza kusuasua, dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, itakueleza mengi kuliko kill. Mchakato wenye herufi Z umekwisha kufa. Ushughulikie mzazi wake, yaani mchakato uliouanzisha.

Kwa huduma zinazosimamiwa na systemd, programu inayowasha na kuzima huduma za Linux, tumia systemctl stop, ambayo kwa kawaida hutuma SIGTERM (ishara ya kuomba mchakato ujifunge wenyewe), husubiri hadi sekunde 90, kisha ndipo huua kwa nguvu. Hifadhidata inazihitaji sekunde hizo ili iandike kilichobaki.

Linalonisumbua zaidi ni Restart=on-failure, mpangilio unaoiambia systemd iiwashe upya huduma ikishindwa. Kwa chaguo-msingi systemd hukata tamaa huduma ikiwashwa mara 5 ndani ya sekunde 10, lakini ukiweka RestartSec=5 (kusubiri sekunde 5 kabla ya kuiwasha tena), jambo ambalo karibu kila mtu hulifanya, kikomo hicho hakifikiwi kamwe, na huduma itakufa na kufufuliwa usiku kucha huku anayechungulia akiweza kukuta imeandikwa active, yaani inafanya kazi. Endesha systemctl show -p NRestarts pamoja na jina la huduma, uone imewashwa upya mara ngapi. Namba ikiwa inapanda, fungua journalctl -u (kumbukumbu) ya huduma hiyo, na uanze na kifo cha kwanza, kwa sababu vinavyofuata mara nyingi hulalamikia tu faili la kufuli lililoachwa na kile cha mwanzo.