Mshtuko wa moyo: usimlaze mgonjwa kitandani mwezi mzima

Hapa Tanga mtu akitoka hospitali na mshtuko wa moyo, ndugu humkataza hata kufika uani. Wanafanya kwa mapenzi, ndiyo maana nalieleza hili kwa kina.

Msuli wa moyo uliokosa damu hufa, ukawa kovu. Kovu hukomaa kwa wiki 6 hadi 8, na katika muda huo chemba ya kushoto yaweza kutanuka na kulegea. Moyo wenye afya husukuma asilimia 55 au zaidi ya damu iliyomo chembani kwa kila pigo. Uliotanuka waweza kushuka chini ya 40. Uchambuzi wa tafiti wa Haykowsky na wenzake, mwaka 2011, ulionyesha kuwa chemba hunufaika zaidi mazoezi yakianza kama wiki moja baada ya mshtuko na kuendelea zaidi ya miezi 3. Kila wiki ya kuchelewa ilidai takriban mwezi mmoja zaidi wa mazoezi.

Ruhusa ya daktari kwanza. Mwenye maumivu ya kifua akiwa ametulia, au anayekatwa pumzi akilala chali, atibiwe hayo kabla.

Aliyeruhusiwa aanze na dakika 5 hadi 10, mara 2 au 3 kwa siku, penye tambarare. Mitaa ya Ngamiani, hapa Tanga, barabara zina namba, kwa hiyo ni rahisi kujipimia: leo barabara moja na kurudi, keshokutwa mbili. Aongeze dakika 1 au 2 kila siku mpaka zifike 30. Akitembea asikatishe mwendo ghafla, damu hubaki miguuni, presha ikashuka, akaona kizunguzungu. Na fukuto letu hili, atoke asubuhi mapema au jua likishapoa, si mara tu baada ya kula.

Anayemeza bisoprolol au carvedilol, dawa za kupunguza kasi ya moyo, asitegemee kuhesabu mapigo, maana dawa imeyazuia. Aweze kusema sentensi nzima bila kuhema. Akishindwa, apunguze mwendo. Kipimo hiki nakiamini kuliko saa ya mkononi.

Kinachoniogopesha zaidi ya kutembea ni ndoo ya lita 20. Mtu hubana pumzi kuinyanyua, presha ikapanda ghafla. Kujikamua chooni ni vivyo hivyo, kwa hiyo choo kikiwa kigumu amwambie daktari.

Kifua kikibana, aketi, aweke nitrogliserini chini ya ulimi kama alipewa. Dakika 5 zikipita bila nafuu, hospitali, hata usiku wa manane.

Eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti kinachotoa ile asilimia ya damu inayosukumwa, irudiwe baada ya miezi 3, ikiwezekana na mpimaji yule yule, kwa sababu mikono miwili tofauti yaweza kutoa asilimia tofauti kwa moyo mmoja.