Bastola na mkono wako: maneno ya vijiweni na ukweli wake

Ile inayorudiwa sana ni kwamba mwenye mkono mdogo, hasa mwanamke, atafutiwe kabastola kadogo. Utasikia muuzaji anasema mpe mama hii, nyepesi, inaingia kwenye mkoba. Sasa ukweli ni kwamba kadiri bastola inavyokuwa nyepesi ndivyo inavyopiga teke zaidi, yaani kukurudi mkononi ukifyatua, kwa risasi ileile, hakuna ujanja hapo. Zile rivolva ndogo za Smith & Wesson zenye fremu ya alumini zina kama gramu 400 tu, na traiga (kifyatulio) yake ni ngumu, unavuta kilo 5 na zaidi huku umeshika kitu chepesi kisichokaa mkononi, halafu mpini mfupi kidole kidogo kinabaki kinaning'inia hewani. Mtu anapiga tano mkono unauma, anaanza kufumba macho kabla hajafyatua, na baada ya hapo bastola inalala kwenye sefu tu. Glock 19 ina kama gramu 600 bila risasi, CZ 75 ya chuma inakaribia kilo, na wengi wenye mikono midogo wanalenga vizuri zaidi na hizo, ilimradi mpini usiwe mnene mno. Kubeba mchana kutwa kiunoni hiyo ni habari nyingine, hapo wepesi una maana yake.

Na kukoki je, yaani kuvuta nyuma slaidi, kile kipande cha juu cha bastola, ili risasi iingie? Watu wanadhani kadogo ndiyo rahisi kukoki, kumbe mara nyingi slaidi fupi ina springi ngumu zaidi. Smith & Wesson wenyewe mwaka 2018 walitoa Shield EZ, iliyotengenezwa makusudi iwe rahisi kukoki kwa wasio na nguvu vidoleni, na si ndogo kuliko zote.

Kuna hii nyingine, "nimeishika dukani ikakaa fresh, basi imenifaa". Kukaa fresh ni nusu ya habari bana. Hakikisha haina kitu, toa magazini (kasha la risasi) kwanza, ndiyo ukague chumba risasi inapokaa kwa macho na kidole, huku umeielekeza upande salama. Ile ngozi kati ya gumba na kidole cha shahada ipande juu kabisa nyuma ya mpini, mtutu unyooke sawa na mfupa wa mkono, halafu uone kidole cha shahada kinafika wapi. Ncha yake, ile sehemu yenye nyama, itue kwenye traiga bila wewe kuzungusha kiganja. Ukilazimika kuzungusha, teke lote linaenda kwenye fundo la gumba na risasi zinaenda pembeni, na utalaumu macho na upepo. Angalia pia kama gumba linafika kitufe cha magazini, na kama wewe ni wa mkono wa kushoto uliza kama kinahamishika maana nyingine hazihamishiki.

"Utaizoea tu." Hapana. Jeshi la Marekani lilianza kutumia Beretta M9 mwaka 1985, mpini mnene, askari wenye mikono midogo wakahangaika nayo miaka na miaka, na mwaka 2017 walipochagua SIG M17 ikaja na mipini ya saizi tofauti. Glock nao tangu kizazi cha nne, 2010, wanakupa vipande vya kubadilisha nyuma ya mpini. Kama jeshi limekubali kubadilisha mpini, wewe na pesa yako ya kujichanga unajilazimisha kwa nini?

Habari ya kalibari kubwa, yaani upana wa risasi, nitapita haraka. Ati mm 9 ni ya watoto, shika .45 (sehemu ya inchi, ni pana zaidi). FBI, wapelelezi wa Marekani, walikuwa kwenye .40 kwa miaka, katikati ya miaka ya 2010 wakarudi mm 9, kwa sababu risasi za kisasa zinafanya kazi karibu sawa na maafisa wao walikuwa wanapiga haraka na kwa usahihi zaidi.

Sefti (kizuizi cha kufyatua) ya kubonyeza kwa gumba, wengine hawalali bila hiyo, wengine inawachanganya, hilo ni pendeleo lako ila ukichagua yenye nayo fanya mazoezi nayo kila mara. Kwa Marekani reinji (viwanja vya kulenga shabaha) nyingi zinakodisha bastola, unapiga aina tatu nne ndiyo unanunua. Kenya lazima kwanza upate cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha, kwa hiyo ukishapata, ongea na mkufunzi wa reinji akuonyeshe za aina tofauti kabla hujalipa dukani, na uende na mkanda na nguo utakazokuwa unavaa.