Kikao cha kwanza kwa mwanasaikolojia: usishangae nikiuliza kuliko kushauri

Wengi wanaofika ofisini kwangu hapa Dar es Salaam wameshazunguka hospitali kadhaa. Mkononi wana bahasha ya vipimo: malaria hakuna, taifodi hakuna, moyo uko salama. Ila usingizi hauji, mapigo yanaenda mbio, kichwa kimejaa mawazo. Wakishakaa tu, swali ni moja: "Sasa daktari, nifanyeje?"

Siku hiyo silijibu. Nauliza mimi, karibu saa nzima: ilianza lini, nyumbani mko wangapi, unalala saa ngapi, unakunywa nini. Wengine huvunjika moyo hapo, maana walitarajia ama nasaha, ama cheti cha dawa. Dawa siandiki; hiyo ni kazi ya daktari wa magonjwa ya akili, na ikihitajika nitakupa rufaa. Nasaha nazo, kusema kweli, umeshapewa tele na mashangazi na wajomba kabla hujanifikia.

Bahasha yako hata hivyo njoo nayo. Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, ikifanya kazi kupita kiasi huleta mapigo ya haraka, jasho, kukonda na wasiwasi. Sipendi kumtibu mtu wasiwasi kwa miezi kumbe shida iko kwenye tezi.

Kuna fomu pia. Mara nyingi natumia PHQ-9, fomu ya kupima dalili za sonona (huzuni nzito isiyoisha), yenye maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Watu huijaza harakaharaka mpaka swali la mwisho, kisha kalamu inasimama. Linauliza kama katika wiki hizo umewaza kuwa heri ufe, au kujidhuru. Wanaogopa kwamba wakikubali nitaita polisi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinataja jaribio la kujiua. Kuwaza si kosa. (Natamani hata hicho kifutwe, ila hiyo ni mada ya siku nyingine.) Ukikubali, nitakuuliza mawazo hayo huja saa ngapi, kama umepanga lolote, na nani wa kukaa nawe usiku. Kisha tutaandika pamoja utakachofanya yakirudi.

Na siri? Mama mzazi akinipigia kuuliza "mwanangu amesemaje?", namwamkia, kisha namwomba amuulize mwenyewe. Hata kama ndiye aliyelipa. Mipaka ipo, nami huitaja kabla hujaanza kueleza chochote: maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, mtoto akiwa anaumizwa, au mahakama ikiamuru.

Haya pia ipo, pande zote mbili. Mzee wa rika la baba yangu namwamkia shikamoo, na punde namuuliza mambo ya chumbani kwake. Huwa nasema mapema: ruksa kuniambia "hilo tuliache leo, mwanangu".

Kazi yenyewe huanza kikao cha 2 au cha 3. Mwenye mishtuko ya hofu, kwa mfano, naweza kumwambia tupumue harakaharaka pamoja kwa dakika 1, palepale kitini (mwenye pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo au ujauzito simfanyishi hivi). Vidole vinaanza kufa ganzi, kizunguzungu kinapanda, anaruka: "Ndiyo hii hii!" Hapo namweleza kuwa ukipumua mbio, kabonidayoksaidi kwenye damu hushuka, na ndiyo sababu ya ganzi na kizunguzungu. Kwa wiki nzima atafanya zoezi hilo nyumbani na kuandika daftarini alichohofia na kilichotokea. Nikimuuliza wiki inayofuata, daftari mara nyingi limesahaulika. Hatugombani, tunajaza palepale.

Usitegemee kutoka kila kikao ukiwa mwepesi. Ukigusa msiba uliokuwa umeufungia miaka, jioni hiyo unaweza kurudi nyumbani hoi, kwa hiyo usipange kikao nusu saa kabla ya mkutano wa kazini. Kwa wasiwasi au sonona ya kawaida, vikao 8 hadi 16, mara moja kwa wiki, ni makadirio ya kuanzia. Ukifika kikao cha 4 na huoni tunakoelekea, niulize wazi. Na kama ni mimi tu hatuendani, sema. Nitaandika muhtasari uende nao kwa mwenzangu, usilazimike kusimulia yote upya.